Mafumbo ya mbao ya herufi: lipi linaweza kuandika "mama"?

Binti yangu alikuwa ametimiza miaka minne alipoletewa zawadi ya ubao wa herufi. Ubao mzuri, mzito, herufi 26 za rangi mbalimbali, kila moja imelala kwenye kitundu chake. Siku mbili nzima alizitoa na kuzirudisha. Siku ya tatu akazimwaga zote mkekani, akaniambia, "Mama, naandika mama." Akaweka M. Akaweka A. Akatafuta M nyingine, hakuiona; akachukua W akaigeuza miguu juu. Akatafuta A nyingine. Akachukua V, nayo akaipindua. Akakaa akiitazama, akaigusa ile V pale katikati panapokosa kijiti, kisha akaniangalia: "Mama, A imeisha."

Hakuwa amekosea. Sauti zote nne alizisikia, mpangilio aliujua, na alipokosa vipande akajitengenezea vyake. Kilichopungua ni ubao wenyewe: una kila herufi mara moja tu, na neno "mama" linataka M mbili na A mbili. Usiku ule nilikaa na ubao nikajaribu kuandika ukoo mzima. Baba, dada, kaka, bibi, babu, nyanya, shangazi, mjomba, shemeji, wifi, ndugu, mtoto: hakuna hata mmoja anayeandikika, kwa kuwa kila neno lina herufi inayojirudia. Niliowapata ni binamu, ami, mke na mkwe.

Nafundisha darasa la awali, kwa hiyo mafumbo ya mbao hupita mikononi mwangu kwa wingi: ya kununua, ya kuazima, na ya kuchongesha kwa fundi. Wazazi huniuliza wachukue lipi. Nitayalinganisha hapa aina kwa aina, nikiyapima kwa Kiswahili, maana mengi yaliyopo madukani yalibuniwa kwa mtoto anayejifunza Kiingereza, na lugha hizi mbili hazitumii herufi kwa kipimo kimoja.

Kabla ya kulinganisha, hesabu A

Silabi ya Kiswahili karibu daima huishia kwenye irabu, na irabu zetu ni tano tu. Ndiyo maana zinachoka upesi. Chukua maneno kumi ya kawaida ambayo mtoto huyajua kabla hajaanza shule: mama, baba, dada, kaka, paka, kuku, meza, nazi, maji, embe. Hapo kuna herufi 40. Nusu yake, 20, ni irabu. Na katika hizo 20, A peke yake ni 13. E ni tatu, I mbili, U mbili. Karibu theluthi ya kila kitu anachotaka kuandika mtoto huyu ni herufi moja.

Tazama sasa mgao wa Scrabble ya Kiingereza, mchezo wa kupanga maneno kwa vigae vya herufi, ambao unafuata Kiingereza kinavyoandikwa. Katika vipande 100, E ni 12, A ni 9, na K ni moja tu. Kwa mgao huo huwezi kuandika kuku wala kaka bila kuazima kipande kitupu. Scrabble si mchezo wa watoto wa awali, naitaja kwa sababu inaonyesha wazi jinsi mahitaji yanavyotofautiana: herufi ambayo kwa Mwingereza ni adimu, kwetu ni chakula cha kila siku.

Kuna na vitundu vinavyokaa bure. Q na X hatuna kazi nazo, na C haisimami peke yake katika Kiswahili, hutembea na H. Kwa upande mwingine, ng'ombe, mnyama ambaye mtoto wa kijijini anamwona kila asubuhi, anataka ritifaa, kile kialama (') kinachofuata ng, na sijapata kuona ubao wa dukani wenye ritifaa.

Upande wetu wa heri ni kwamba A ya Kiswahili ina sauti moja popote iendapo. Mtoto akishajua irabu tano na konsonanti nne, tano, anaandika maneno halisi wiki hiyohiyo. Mwenzake wa Kiingereza bado ana safari, maana A yake ya "cat" si A yake ya "cake". Ndiyo sababu nalipigia kelele suala la idadi: mtoto wetu hufika mapema kwenye kuandika maneno, na fumbo lisilo na vipande vya kutosha linamzuia mlangoni.

Ubao wa A hadi Z

Huu ndio unaopatikana kila mahali, kuanzia maduka ya Kariakoo hadi kwenye mabegi ya ndugu wanaorudi kutoka nje. Kila herufi ina kitundu cha umbo lake, na mara nyingi chini ya kitundu kuna picha.

Kwa mtoto wa miaka miwili hadi mitatu na nusu sina ugomvi nao. Mkono unajifunza kugeuza kipande mpaka kikae, jicho linajifunza kwamba mviringo wa O si sawa na wa G. Zile zenye vishikio vidogo vya mbao juu ya kila herufi nazipenda zaidi, kwa sababu mtoto huvishika kwa vidole vitatu, kidole gumba, cha shahada na cha kati, vilevile atakavyoshika penseli baadaye. Kabla ya kununua, vuta kishikio kimoja kimoja kwa nguvu. Kilichobandikwa kwa gundi tu bila kuchomekwa kwenye tundu kitang'oka, na kikishang'oka kitaingia mdomoni.

Shida iko kwenye picha. Mtoto anainua E, anaona tembo. Anainua A, anaona tofaa. Anainua C, anaona paka. Sisi tumemwambia darasani kwamba E ni sauti ya mwanzo ya "embe", naye anaona tembo, anasema "te". Nimewahi kuwa na mtoto darasani aliyesema kwa uhakika kabisa kwamba herufi C inaitwa "paka". Si ujinga, alisoma alichopewa. Kama lazima ununue ubao wa A hadi Z, tafuta usio na picha, au bandika picha zako mwenyewe: embe chini ya E, ua chini ya U, yai chini ya Y. Familia zilizo Ulaya au Marekani, ambako mtoto anasoma Kiingereza shuleni na Kiswahili nyumbani, zinaweza kuuacha na picha zake ukatumika kwa ajili ya shule, kisha wakatafuta kitu kingine kwa Kiswahili. Kuchanganya lugha mbili kwenye ubao mmoja humpa mtoto wa umri huo mzigo asiouhitaji.

Maneno yanayoandikika kwa herufi zisizojirudia yapo, nami nimeyakusanya kwa wale ambao tayari wana ubao huu: mbuzi, mbwa, simba, tembo, twiga, nyoka, punda, chura, kima, na vya nyumbani, meza, jiko, simu, nazi, maji, yai. Kwa mwezi mmoja yanatosha. Halafu mtoto ataomba kuandika jina la paka.

Picha iliyokatwa

Aina ya pili ni kibao chembamba chenye picha juu na neno chini, kimekatwa vipande kadri ya herufi. Mtoto anaunganisha vipande, picha inakamilika, na neno nalo linakamilika. Wauzaji husifu kwamba mtoto hujisahihisha mwenyewe.

Niliamini hivyo mpaka nilipokaa kando nikamtazama mtoto anavyounganisha. Alikuwa na samaki wa vipande sita. Aliunganisha mkia, tumbo, kichwa, jicho. Macho yake hayakushuka hata mara moja kwenye mstari wa chini palipoandikwa s-a-m-a-k-i. Nilipofunika picha kwa kitambaa nikamwomba apange kwa herufi peke yake, alikwama. Alikuwa amejifunza samaki, hakuwa amejifunza neno.

Kwa hiyo kama unazo, zitumie kinyume: geuza picha chini ikiwezekana, au ifunike, apange kwa herufi, ndipo mfunue pamoja kuona kama mnyama ametokea mzima. Hapo kujisahihisha kunakuwa kweli. Na ukichongesha mpya, mwambie fundi akate kwa silabi: sa-ma-ki, vipande vitatu, si sita. Ndivyo tunavyosoma, na vipande vikubwa havivunjiki pembe. Zaidi ya hayo sina la kuzisifia. Zinaandika neno moja tu maisha yake yote.

Fremu yenye kadi za maneno

Hapa kuna kisanduku au fremu ya mbao yenye nafasi za kuwekea herufi, na kadi zenye picha ambazo huchomekwa juu yake. Mtoto anaona picha na neno, anatafuta herufi kwenye rundo, anazipanga kwenye nafasi. Hatua hii ni kubwa: hakuna tundu la umbo la herufi linalomwambia "hii hapa". Anachagua kwa kujua.

Kagua mambo mawili. Kwanza nafasi ni ngapi. Fremu nyingi zilizotengenezwa kwa Kiingereza zina nafasi tatu, kwa maneno mafupi ya herufi tatu. Kwetu, herufi tatu ni maneno machache: mti, mtu, jua, yai, kaa; wali haumo. Nafasi nne ndizo zinazofungua mlango, kwa sababu konsonanti-irabu-konsonanti-irabu ndiyo sura ya maneno mengi ya kwanza ya mtoto: paka, kuku, meza, simu, jiko, nazi, moto, wali, bata, fisi. Zikiwa sita ni bora, utaweka samaki, karoti na kikapu. Pili, hesabu vipande. Mimina rundo mezani dukani, usione haya, tenga A pembeni, kisha K. Kama A hazifiki sita na K hazifiki mbili, kadi zako za Kiswahili hazitafanya kazi hata ukizichora vizuri namna gani.

Kadi zenyewe ni rahisi kujitengenezea. Karatasi ngumu ya boksi, picha ya kuchora kwa kalamu, neno kwa herufi ndogo mbele, na nyuma picha tu bila neno. Mtoto huanza na upande wenye neno, akinakili. Akishazoea, anageuza kadi na kuandika kwa kusikia sauti kichwani. Wazazi wengi hawajui kwamba upande wa pili ndio somo lenyewe.

Herufi huru

Nikiambiwa nichague aina moja tu, nachagua hii: rundo la herufi za mbao, kila moja mara nyingi, zimepangwa kwenye kisanduku chenye vyumba. Hakuna tundu, hakuna picha. Mtoto anafikiria neno, anazichomoa, anazipanga mkekani.

Asili ya wazo hili ni Italia, na kuna sehemu ya hadithi yake ambayo kila mnunuzi anafaa kuijua. Maria Montessori, daktari aliyegeuka mwalimu, alikuwa ameshatengenezesha alfabeti ya mbao ya kifahari kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa akili aliowafundisha Roma, herufi zilizopakwa rangi ya kung'aa. Baada ya kufungua nyumba yake ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, tarehe 6 Januari 1907, alikuja kutaka nyingine kama ile, akakosa wa kumtengenezea. Akaishia kukata herufi za karatasi, na nyingine za msasa zilizobandikwa kwenye kadi laini ili watoto wazipapase. Ndipo alipogundua kwamba zile za karatasi zilikuwa bora kuliko alfabeti ile ya kifahari, kwa sababu moja ya wazi: zilizidishika. Ya mbao ilikuwa seti moja ya kutambulia herufi. Za karatasi zilitosha watoto wengi kwa pamoja, na zilitosha kupanga maneno.

Alikuwa akifundisha Kiitaliano, lugha ambayo kama yetu huandikwa karibu sana na inavyotamkwa na imejaa irabu. Tatizo alilolitatua ndilo la binti yangu pale mkekani.

Madarasa mengi yanayofuata njia yake huweka irabu rangi ya buluu na konsonanti nyekundu au waridi. Kwa Kiswahili rangi hizi mbili zinafundisha zaidi ya pambo. Mtoto akipanga "meza" anaona nyekundu, buluu, nyekundu, buluu. Akipanga "mez" na kusahau irabu ya mwisho, macho yanamwambia kuna kitu hakijaisha kabla hata mwalimu hajafungua mdomo. Seti ambazo kila herufi ina rangi yake, upinde wa mvua mzima, zinapendeza dukani na hazisemi lolote.

Kuna hatari moja kwenye herufi ndogo zilizokatwa kwa umbo lake. Kipande cha d ukikipindua upande wa pili kinakuwa b. Ukikizungusha kinakuwa p. Binti yangu aliandika "dada" akaniita, na kufika kwangu nikasoma "baba". Alisisitiza ni dada, nami nikasisitiza ni baba, mpaka nikainua vipande vyote viwili vya d nikaona vimelala kwa mgongo. Tiba ni kupaka rangi upande mmoja tu na kuacha wa pili mbao tupu, au kuchora herufi juu ya kigae cha mraba chenye mstari mwembamba chini kuonyesha mguu uko wapi. Kigae cha namna hii ndicho ninachokipendekeza. Hakivunjiki kirahisi, n haigeuki u, na mtoto anaweza kuvisogeza vikagusana kama neno linavyogusana.

Herufi kubwa hazina tabu hii sana, ukiacha W inayogeuka M, na pengine ndiyo sababu seti nyingi za nje ni za herufi kubwa. Lakini vitabu vya darasa la kwanza vimeandikwa kwa herufi ndogo, na ndizo atakazokutana nazo. Nunua ndogo. Kubwa zitamfuata zenyewe kwenye majina.

Vigae vya silabi

Walimu wengi tulisoma kwa ba, be, bi, bo, bu, na silabi bado ni uti wa mgongo wa kufundisha kusoma Kiswahili. Tangu mtaala wa KKK, Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ulipoanza Tanzania mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili, wazazi wanauliza zaidi vifaa vya nyumbani vinavyoendana na darasani, na mafundi wameanza kuchonga vigae vyenye silabi nzima.

Faida yake ni kasi. "Kikapu" kwa herufi ni vipande sita; kwa silabi ni vitatu, na mtoto anasikia ki-ka-pu anavyovipanga. Kwa mtoto wa miaka mitano aliyechoka kuhangaika na herufi moja moja, huu ni upepo mzuri.

Ila seti nyingi nilizokutana nazo zimesahau vitu viwili. Hazina irabu peke yake, kwa hiyo yai (ya-i), jua (ju-a) na ua (u-a) hayaandikiki. Na hazina M peke yake. M katika Kiswahili husimama kama silabi kamili: m-tu, m-ti, m-to-to, m-ka-te, m-bwa. Seti isiyo na M ya kujitegemea haiwezi kuandika "mtoto", na ni seti ya watoto! Halafu kuna mbu-zi, ndi-zi, nja-a, nyu-mba, ambazo zinataka mb, nd, nj na ny kwenye kigae kimoja. Ukipata seti yenye hivyo vyote, nunua bila kusita.

Hatari ya silabi ni wimbo. Mtoto anaimba ba-be-bi-bo-bu kwa mpangilio wake, ukimtolea "bi" katikati anaanza upya kutoka "ba" ili afike. Herufi huru humvunja mazoea hayo, kwa kuwa analazimika kuchagua irabu. Ndiyo maana kwangu silabi zinakuja baada ya herufi huru au pamoja nazo, na hazichukui nafasi yake.

Mbao yenyewe

Mninga ni mzuri, mzito, unadumu, na kwa vigae vya watoto ni gharama isiyo na sababu. Msonobari, ule wa mashamba ya Sao Hill kule Mufindi na kwingineko, ni mwepesi, unakatika kirahisi na bei yake inavumilika. Hubonyea ukidondoshwa lakini haumuumizi mtoto aliyerushiwa na mdogo wake. Plaiwudi inafaa kama kingo zimepigwa msasa mpaka zikawa laini, vinginevyo huchoma vidole kwa vibanzi. Vibao vya unga wa mbao ulioshindiliwa, ambavyo vifaa vingi vya bei ya chini hutengenezwa navyo, vinavimba vikipata maji, na mate ya mtoto ni maji. Karatasi ya picha iliyobandikwa juu itaanza kufunguka pembeni, naye atamalizia kuibandua.

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, ukubwa unatangulia mengine yote. Kipimo cha kimataifa cha vipande hatari ni mcheduara wa upana wa milimita 31.7: kinachoingia mzima humo kinaweza kuziba koo. Nyumbani tumia boksi la ndani la karatasi ya chooni, ambalo ni pana kidogo kuliko hapo; kipande kinachopita humo mwekee mbali. Vizibo vya soda, ambavyo sisi walimu tunavipenda kwa kuandikia herufi kwa kuwa ni vya bure, viweke kwa watoto wa darasani tu, usivipeleke nyumbani kwenye mtoto anayetambaa. Ni vidogo na vina meno.

Rangi ni swali la kumuuliza fundi moja kwa moja: ina risasi? Madini ya risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, na Marekani imeweka kikomo cha sehemu 90 kwa milioni kwenye rangi za vitu vya watoto. Fundi akikuonyesha kopo, soma kilichoandikwa. Akikuambia ni rangi iliyobaki kwenye geti la mtu, kataa. Mbao iliyopigwa msasa vizuri, ikapakwa nta ya nyuki, na herufi zikachorwa kwa rangi salama upande mmoja tu, inapendeza kuliko iliyopakwa kote. Kuisafisha ni kitambaa chenye unyevu, usiiloweke.

Kuagiza kwa fundi

Mwishowe ndivyo nilivyofanya. Nilikwenda na orodha yangu kwa seremala wa mtaani kwetu, mzee wa makamo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwalimu. Leo kabati?"

Nikampa karatasi. Akaisoma taratibu, akarudi juu. "Mwalimu, A kumi na mbili? Zote hizi za nini? Si zitabaki?"

"Fundi, niandikie karanga."

Akatoa penseli sikioni, akaandika kwenye kipande cha ubao kilichokuwa mezani. Akahesabu kwa ncha ya penseli: moja, mbili, tatu. Bila kuambiwa akaandika chini yake "salama". Tatu nyingine. "Haya," akasema, "kumi na mbili."

Orodha ile ilikuwa ya vigae 85, vya mraba wa sentimita nne, unene wa sentimita moja. A 12, I na U sita sita, E na O tano tano. K, M na N nne nne. B, D, H, L, S, T na W tatu tatu. F, G, J, P, R, Y na Z mbili mbili. V moja. CH mbili kwenye kigae kimoja kila moja, maana sioni sababu ya kumfundisha mtoto C ambayo hatakutana nayo peke yake kwa Kiswahili. Na NG' moja, na ritifaa yake. SH na NY niliacha ziungwe kwa herufi mbili, ili mtoto aone S na H zinavyofanya kazi pamoja. Mwalimu mwenzangu angezifanya kigae kimoja, na hilo halina ubaya.

Kulinganisha bei, usitazame bei ya seti. Igawanye kwa idadi ya vipande, kisha uliza vinaandika maneno mangapi ya Kiswahili. Ubao wa A hadi Z una vipande 26 na maneno kadhaa. Seti ya fundi ina 85 na maneno ambayo sijayamaliza kuyahesabu. Na kama hata fundi ni mzigo kwa sasa, kata boksi. Montessori alianza na karatasi, na watoto wake wakaandika. Mbao inashinda kwa uzito wake mkononi, kwa kutopeperushwa na feni, na kwa kudumu mpaka mdogo wake naye afike umri huo.

Kwa mtoto wa miaka miwili, basi, ubao wa vishikio usio na picha. Wa mitatu na nusu kwenda minne, herufi huru chache za kuanzia: irabu tano kwa wingi, na m, b, k, d, t. Wa mitano, seti nzima na vigae vya silabi, pamoja na kadi zenye upande usio na neno. Weka vyote kwenye mfuko wa kitambaa wenye kamba, na muombe fundi akukatie A mbili za ziada ambazo utazificha kabatini. Hizo ndizo zinazopotea kwanza.